Nilichomwambia Shangazi

Alhamisi

Nimeosha vyombo mara mbili na bado situlii.

Shangazi alishuka na boda kutoka Sagalla leo, akanikuta kazini hapa Voi, kwenye dirisha la rekodi za wagonjwa. Binti yake anaposwa. Akaninong'oneza jina la kijana. "Si wewe ndiye unashinda na hiyo kompyuta? Angalia tu kama anatibiwa hapa."

Nikamwambia, "Shangazi, siwezi kutoa habari za mtu." Hata jina sikulitafuta. Nikajiona nimefanya vizuri.

Akajifunga leso upya, taratibu. "Mwaka jana nilikuuliza juu ya yule mwalimu, ukacheka ukasema hana hata faili. Huyu unakataa. Basi nimeelewa."

Akaondoka.

Ni kweli nilisema. Niliona ni habari njema, haimdhuru mtu. Kumbe siku ile nilitoa siri ya kila mtu nitakayemnyamazia baadaye.

Nimempigia, hashiki simu. Na akishika nimwambie nini? Sijui kama kijana huyo ana faili kwetu. Nikiangalia ili nimtetee, nitakuwa nimeangalia.