Tanzia Niliyoiruka Kwenye Kaseti

Mpendwa mshauri,

Jana mchana Bimdogo wa Tongoni amesema kwa kinywa chake, kwenye upande wa pili wa kaseti aliyonirudishia, kwamba msala wa kusalia anaomsukia Muhanad umebaki shubiri mbili kwisha, na anauliza Muhanad atakuja lini kuuchukua. Naomba msaada wako kwa sababu Muhanad alifariki Maskati tarehe 26 Juni, na mimi ndiye niliyemficha Bimdogo habari.

Naitwa Nihal, ni katibu wa chama chetu cha kuzikana hapa Mabawa, Tanga, na kila mwezi tunatoa jarida la kurasa nne, tunalichapa kwa stenseli, nani kaoa, nani kajifungua, nani katangulia mbele ya haki, na salamu za jamaa walioko Mombasa na Maskati. Wazee wetu wengi husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, hizi za shule hawazijui, na wengine macho yamekwisha, basi mwaka jana, kwa kuwa siku hizi kaseti na betri zimejaa madukani, si kama miaka ile ya foleni ambapo betri ya redio uliipata kwa kujuana, nikasema kwa nini jarida tusilisome likasikika, na jirani yetu Huzefa mwenye duka akatuazima redio yake ya kurekodia, na sauti ikawa yangu. Bimdogo haoni tena, ukili anasuka kwa kupapasa, na kaseti ikifika huiweka barazani majirani wote wakasikiliza, kisha hurekodi majibu yake upande wa pili na kunirudishia kwa mtu anayekuja mjini.

Muhanad hakumzaa. Ni mtoto wa marehemu dada yake, kamlea tangu kitovu hakijakauka, hata alipokuwa mtu mzima akenda Maskati kwa ndugu za baba yake kutafuta kazi, na alipofariki ndugu hao wakamzika huko na matanga wakayaweka huko. Habari ikaja kwa simu kwa mwenyekiti wetu, Mzee Sadalla, tukaiweka ukurasa wa kwanza wa jarida la Julai. Nilipoketi kurekodi, tarehe 4, nikafika pale nikakwama. Kwetu mama hapelekewi tanzia ya mwanawe kwa karatasi, sembuse kwa mashine. Huenda wanawake wawili watu wazima, wakaingia, wakaketi, wakamshika mkono ndipo wakasema. Nikairuka, nikajiambia watakwenda.

Siku ya hitma ya Muhanad nyumbani kwa Mzee Sadalla, Bi Zarina, shoga yake Bimdogo tangu utotoni, akauliza, "Jamani, Bimdogo nani kamwendea?"

Mzee Sadalla akamjibu, "Yakhe, kaseti imeshakwenda, atakuwa kasikia. Mwacheni na subira yake, miguu yenyewe hana ya kuja huku."

Nilikuwepo, nimebeba sinia la vikombe, nikaendelea kugawa chai. Agosti nikaruka na habari ya hitma, maana ukiisharuka ya kwanza ya pili huwezi kuisoma. Na jana ndiyo nimesikia haya: "Nihal mwanangu, mbona sauti kavu mwezi huu, umekula mbaazi bila nazi? Na salamu za Muhanad miezi miwili hunisomei. Mwambie asinijie na ubwana wake, mie ndiye niliyempenga kamasi. Msala aufuate mwenyewe, simpi mtu." Nyuma yake majirani wanacheka.

Jarida la Septemba lina habari ya arobaini iliyosomwa Maskati, na Mzee Sadalla anataka lisomwe lote. Nikisoma, Bimdogo atasikia mbele ya baraza zima. Nikiruka, naendelea kumchezea mtu mzima. Je, nisome kwa upole na maneno ya faraja kabla, au nijiuzulu wasome wengine? Usingizi sina.

Nihal, Mabawa, Tanga
10 Agosti 1993

Nihal,

Jibu hili nimekutumia kwa posta kabla ya kulichapa, kwa sababu msiba haungoji gazeti, na majina nimeyabadilisha yote.

Pole. Kukwama kwako pale kwenye tanzia sikulaumu, na desturi uliyoitaja ni ya haki. Lakini desturi hiyo ina sehemu mbili: mashine isiseme, na watu waende. Wewe umeshika ya kwanza ukaiacha ya pili, kisha ukajificha nyuma ya sinia wakati swali limeulizwa waziwazi na mtu aliyekuwa tayari kuvaa viatu. Hapo ndipo ulipokosea. Mzee Sadalla naye kakosea kuamini kwamba kaseti ikipelekwa mtu kapelekwa, ila yeye alidanganyika, ilhali wewe ulijua.

Kujiuzulu usikuzungumze sasa. Atakayekuja baada yako atasoma ukurasa mzima, na Bimdogo atapata habari ya mwanawe kutoka kwa mtu asiyemjua, majirani wakimtazama usoni. Na huo upole wa sauti unaoupanga hautamsaidia kitu. Kaseti haiwezi kumshika mtu mkono akianguka.

Nenda leo kwa Mzee Sadalla umweleze ulivyonieleza mimi, bila kupunguza. Atafoka, mwache afoke. Kisha mfuateni Bi Zarina. Yeye ndiye wa kusema, si wewe. Nendeni Tongoni Jumatano tarehe 18, asubuhi, kabla majirani hawajakusanyika barazani. Msiseme mlangoni. Toeni shikamoo, mwingie ndani, mketi, na redio muiache Mabawa.

Bi Zarina akishasema, na Bimdogo akishalia, atauliza mlijua lini. Swali hilo ni lako. Usimwambie "juzi juzi" wala "hatukutaka kukuumiza." Mwambie: nilijua, na tarehe 4 Julai niliiruka kwa mkono wangu, na Agosti nikarudia. Akikufukuza, toka ukakae uani, lakini usipande gari ukarudi mjini. Siku hiyo maji yatachotwa, wali utapikwa, wageni watapokelewa, na hiyo ndiyo kazi uliyokwenda kufanya. Msala usiutaje. Atakaloufanyia analijua mwenyewe. Na kaseti yake usiifute kwa kurekodia juu, mrudishie mkononi.

Sasa jarida lenu. Kuwasomea wazee ni kazi njema, endeleeni nayo. Lakini kwa miezi miwili karatasi imesema Muhanad kafa na kaseti imemwacha yu hai, na mtu asiyeona hana njia ya kulinganisha; anakuamini wewe peke yako. Kuanzia sasa tanzia isirekodiwe mpaka waliokwenda kumwambia mfiwa wawe wamerudi, na ikirekodiwa isomwe kama ilivyochapwa. Ukitaka kupunguza neno, lipunguze kwenye karatasi kwanza, wenzako wakiona.

Kabla hujaondoka Tongoni, muulize Bimdogo kama anaridhia jina la mwanawe lisomwe. Akiridhia, kikao chenu cha kurekodi kiwe Jumapili tarehe 5 Septemba, saa kumi alasiri: anza na tanzia ya Muhanad, neno kwa neno, kutoka ukurasa wa kwanza wa jarida la Julai.