Eda Iliyopita Siku Zake

Quitunda, 2 Februari 2025

Mwanangu Nazira,

Salaam nyingi. Nakuuliza hali yako, ya mumeo Fauzi na ya wajukuu zangu huko Mtwara. Mimi mzima, ila nimechoka, hata kunywa uji ni kazi.

Tangu tumzike baba yako nimekaa eda katika nyumba hii ya matofali tuliyopewa tulipohamishwa kupisha mradi wa gesi. Luzia, jirani yangu, ni Mkristo lakini ndiye anayenitekea maji. Jioni wanawake wa mtaani huja kukaa nami. Umesema eda ikiisha utanichukua. Nimesikia. Tusiharakishe.

Barua hii anakuletea Rafique, mchuuzi, anavuka mto pale Namoto na samaki wake wakavu.

Mama yako


Mtwara, 25 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mdogo tu ana mafua. Wewe je, unakula?

Baba alifariki katikati ya Rajabu. Nimehesabu miezi minne na siku kumi, eda imetimia Alhamisi. Fauzi amepaka chumba chako chokaa. Nije lini?

Mwanao Nazira


Quitunda, 3 Juni

Mwanangu,

Salaam. Mafua ya mtoto mpe tangawizi. Umekosea hesabu. Bado. Usije.

Mama yako


Mtwara, 29 Juni

Mama,

Shikamoo. Iddi imepita na mwezi wa Mfunguo Nne umeandama. Nimemuuliza mwalimu wa madrasa, naye amesema sikukosea. Wanawake wa kijiji chetu cha zamani wote eda zao ulizihesabu wewe. Leo ya kwako ikushinde? Nimekasirika, Mama, na nimelia. Kama hutaki kukaa kwangu, niambie.

Nazira


Quitunda, 20 Julai

Mwanangu Nazira,

Nakusalimu, na watoto uwabusu. Nimekawia kujibu kwa aibu.

Sikukosea. Siku ilipotimia niliijua tangu alfajiri, nikanyamaza. Humu ndani nilikuwa bado mke wa Ossufo. Nikitoka, wanawake watarudi makwao, wewe utanivusha mto, na baba yako atabaki peke yake katika makaburi haya mapya ambamo hatuna jamaa hata mmoja. Wazee wetu wote wamezikwa kule tulikotoka. Najua kuzidisha siku si sheria. Nimemwomba Mungu anisamehe.

Juzi nilimweleza Luzia. Hakunilaumu. Aliweka ndoo chini akasema, "Dada Saquina, maji nitakutekea, utoke usitoke." Nikaona nimemchosha mtu bure.

Leo asubuhi nimeoga, nimevaa khanga mpya, nimekwenda bombani mwenyewe. Wanawake wamenisalimu kama kawaida. Njiani nikamwaga nusu ya ndoo.

Kuhama siwezi, mwanangu, si mwaka huu. Fauzi asinielewe vibaya. Lakini njoo, ulale siku tatu tu. Hapa wote wanamwita marehemu. Nataka kusikia mtu akimwita baba.

Mama yako