Kimya Kabla ya Kishindo

Peoria, Illinois
9 Novemba 1934

Kwa dada yangu mpendwa Dorcas,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako, juu yako na shemeji Reuben, na juu ya lile goti lako linaloanza kulalamika kila baridi ikikaribia. Sisi huku hatujambo. Mahindi yalikuwa haba kama huko kwenu Nebraska, lakini kabati la jikoni halijawa tupu, na kwaya ya kanisa bado inaivumilia sauti yangu.

Barua yako niliisoma nikikanda mkate, nayo sasa imejaa unga. Uliposema kwamba Jumamosi shemeji alicheka mbele ya redio hadi kahawa ikamtoka puani, na kwamba wanaume wa pale ghala la nafaka siku hizi wanapiga mluzi, wananyamaza ghafla, kisha wanasema kwa sauti ndogo, “Pruitt, ngazi imekwisha,” wakimwigiza Enos wangu, ilibidi nikae chini. Nilimsomea Enos mara mbili. Alijifanya anahangaika na kiko chake, lakini masikio yalikuwa mekundu kama nyanya.

Umeniuliza mtu wa umri wake anaangukaje vile kila wiki asivunjike mifupa. Nitakujibu, ila nivumilie nianzie nyuma.

Unakumbuka maneno ya marehemu baba nilipotaka kuolewa: kwamba amesikia wanaume wanaolima, wanaofua chuma, hata wanaozika wenzao, lakini hajapata kusikia mkwe ambaye kazi yake ni kudondoka. Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika kila jukwaa la vichekesho kuanzia hapa mpaka Ohio, mwenzake Lucius Pruitt alikuwa wa maneno na Enos wa kuanguka. Pruitt anamtukana, anamtuma juu ya ngazi akapake rangi, Enos anapanda huku akipiga mluzi, ngazi inamkataa. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Kisha zikaja sinema za kuongea, na majumba yakafunga majukwaa moja baada ya jingine. Mwaka jana, theluji ilipoyeyuka, kituo cha redio cha hapa mjini kikamwita Pruitt. Meneja, Bwana Ketchum, akamwambia wazi kwamba anamtaka yeye mwenye mdomo, yule mwenzake abaki nyumbani. Redio haina macho, alisema. Kumweka redioni mtu wa kuanguka ni kutia chumvi kwenye picha ya supu. Pruitt, ambaye najua hujawahi kumpenda, alimjibu kwamba yeye na Enos ni suruali, na hakuna duka linalouza mguu mmoja. Ketchum akacheka, na kwa kuwa alicheka, akakubali kuwajaribu wote wawili. Wenye kampuni ya sabuni inayolipia kipindi wangekaa chumba cha pili, wasikilize bila kuona. Enos asipowachekesha, basi angekwenda zake, na Pruitt angetafutiwa mwingine.

Enos alijiandaa kama bwana harusi. Siku ya mazoezi nilifuatana naye, nimebeba mikate yenye nyama. Akapanda ngazi na mluzi wake, akateleza, akaanguka anguko ambalo mafundi wote waliokuwapo walilipigia makofi. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka, Ketchum aliyekuwa akisikiliza humo akatoa kichwa, akauliza, “Jamani, mbona hamuanzi?”

Hatukuwa tumelifikiria hilo, dada. Jukwaani kishindo kilikuwa cha mpiga ngoma. Enos mwenyewe kwa miaka yote hiyo amejifunza kutua kama paka, na ndiyo sababu bado ana uti wa mgongo.

Fundi wa sauti akaleta bati kubwa, akawa analitikisa Enos anapoteleza. Sasa kishindo kilisikika, lakini Ketchum alisema ni kama treni mbili zimegongana, na nani anacheka ajali? Wakajaribu tena na tena. Mwishowe Enos akaketi juu ya ngazi yake, kofia magotini. Hata siku benki ilipofunga milango sikumwona vile. Akaniambia, “Zilpha, twende nyumbani. Baba yako alisema kweli.”

Hapo ndipo niliposimama. Maana kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata yeye. Sijawahi kumwona Enos akianguka. Hata mara moja. Tangu jukwaa la kwanza, mluzi ukikatika tu nafumba macho na kuomba: “Bwana, nyosha mkono wako, mshike, ni wangu huyu.” Nikifika hapo kwenye “ni wangu huyu,” ngoma inalia. Na kila mara watu huwa wameshaanza kucheka. Wanaanza kwenye kile kimya, yeye akiwa hewani.

Nikamwambia Ketchum kwamba bati lake lina haraka. Akauliza kimya kiwe cha muda gani, maana hewani kimya ni hasara. Nikasema siwezi kumpimia, anipe tu nafasi niangushe kitu mwenyewe. Akamtazama Pruitt. Pruitt akasema, “Mzee, ukikataa, utaanguka wewe badala ya Enos.”

Jioni ya majaribio nilikwenda na masufuria yangu, pamoja na lile beseni la bati ulilonipa siku ya harusi, ukasema litanifaa kuloweka bandeji. Enos hakupanda popote. Alisimama mbele ya mikrofoni, akapiga mluzi wake wa kupanda ngazi. Ukakatika. Nikafumba macho, nikaomba. Na kupitia ukutani, Dorcas, nikawasikia wale waheshimiwa wa sabuni wakianza kucheka kabla sijaachia kitu! Ndipo nikaliachia beseni. Kisha sauti ya Enos, ndogo, kama inatoka kisimani: “Pruitt, ngazi imekwisha.” Pruitt anaapa mmoja wao alitoka akifuta miwani kwa tai yake.

Basi jibu lako ndilo hilo. Shemeji yako haanguki tena. Anayeanguka kila Jumamosi, hadi huko Nebraska, ni mdogo wako. Na kama baba anasikia huko aliko, ajue mkwe wake amesimama wima, suti imepigwa pasi. Binti yake ndiye anayedondoka.

Jina langu halitajwi, nami silitaki. Ila mchungaji akitania kanisani habari za anguko la Enos Tuttle, nainamisha kichwa, na si kwa unyenyekevu. Nilimuuliza Mungu kama ni kufuru kumwomba katikati ya vichekesho. Hajanikataza, na kila Jumamosi ananirudishia Enos nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Kesho mkae karibu na redio. Mluzi ukikatika, mwambie shemeji atue kikombe. Kimya kile ni mimi, nimefumba macho. Sema pamoja nami, dada, ni wangu huyu, kisha ucheke.

Enos anakusalimu sana, na anaomba radhi kwa kahawa. Pruitt naye anatoa salamu, upende usipende. Bwana awalinde wote, na goti pia.

Ni mimi mdogo wako,
Zilpha Tuttle