Radhi Niliyoombeshwa Nje ya Sinema

Kayal, shoga yangu, uko wapi? Nimetoka kuombeshwa radhi mbele ya kamera. Mimi, mke wa mtu, hapa ukweni Nagpur.

Unaikumbuka ile filamu yetu ya Kitamil, ya kondakta anayemtafuta binti yake aliyetekwa? Wameirudia kwa Kihindi. Jana nikaenda kuiona. Mtoto katekwa, baba yuko kwenye theluji anacheza na wasichana arobaini. Kondakta, Kayal. Kwenye theluji.

Nje kuna jamaa wa mtandaoni na kamera yake, anayewauliza watu wameionaje. Nikamwambia nusu ya pili ni mbovu, anayetaka hadithi akaangalie ya Kitamil.

Asubuhi Devendra, kaka yake mume wangu, kanisimamia jikoni na simu. Si ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa yule staa wa filamu? Juzi tu kalimwagia bango lake maziwa, kama sanamu ya mungu.

"Watu laki mbili wamekuona, shemeji. Umenitia aibu. Leo unarudi palepale unaomba radhi."

Niombe radhi. Kwa sababu ya filamu.

Nikaenda. Yeye nyuma yangu na wanachama wake, kashika shada la maua la kunivisha nikimaliza. Nikapewa kipaza sauti.

"Naomba radhi. Jana nilisema nusu ya pili ni mbovu. Nilikosea. Hata ya kwanza ni mbovu."

Sasa mimi na Devendra tuko bajaji moja kurudi nyumbani. Shada bado liko mapajani mwake. Akitaka kesho nikaombe tena, niko tayari.