Debe la Bibi na Ndege wa Uani

Baba Bhoke na Bhoke,

Nimewahi zamu. Chai iko kwenye chupa. Beseni la ndege huko uani lijazeni maji, na ulezi mwageni kiganja kimoja tu, si kama jana.

Baba Bhoke, asubuhi mama yako kawafukuza ndege wangu wote kwa kupiga debe, kama vile analinda shamba. Nikanuna. Nikamwuliza kama anajua hata amefukuza ndege gani. Akanitajia saba kwa Kikurya, kila mmoja na saa yake ya kuja. Mimi na kitabu changu cha ndege tunawajua watatu.

~~Lificheni hilo debe.~~ Debe mwachieni. Bhoke, kaa na bibi leo, uwe na daftari. Kitabu changu kiwekeni chini ya mguu wa meza hii, inayumba.

Mama