Vidonge vya Bujumbura

Jumatatu, 5 Februari 1979. Kasulo.
Kidonge cha nne cha kukondesha, saa moja asubuhi, na chai kavu. Mizani ya kahawa ghalani: kilo 103. Mdomo mkavu. Mapigo ya moyo 98 kwa dakika, kwa saa yangu ya Mombasa isiyodanganya. Lori nililoendesha limekwenda vitani bila mimi. Kamanda wa mgambo alisema sare hainitoshi, tumbo hili ni shabaha ya bure kwa adui. Watu walicheka. Nami nikacheka. Iliniuma. Dereva anayejulikana hadi Bujumbura, anaachwa nyumbani na kuku? Nitakonda. Nimemwambia mke wangu, mama Leonia, kwamba wanawake wa Bujumbura wana viuno vya nyigu kwa vidonge hivi hivi. Hakucheka.

Alhamisi, 8 Februari.
Kilo 100. Njaa sina. Mikono inatetemeka. Naongea kama redio, hata mbuzi wamenichoka. Leonia wetu, miezi mitatu, analia mno. Chango, anasema bibi yake.

Jumamosi, 10 Februari.
Kilo 99. Mapigo 112. Kifua kinagonga kama injini isiyo na oili. Naogopa. Leonia hajalala tangu jana. Macho kodo. Anarusha mikono.

Jumapili, 11 Februari.
Misa sikwenda. Nimehesabu vidonge. Nilinunua thelathini, nimemeza kumi. Vipo kumi na vinne.
Sita viko wapi?

Jumatatu, 12 Februari.
Zahanati. Mganga akauliza mtoto amekula nini. Nikasema ziwa la mama tu, mzee. Mama Leonia akatazama chini.
"Nilimeza mimi. Kimoja kimoja, kila asubuhi. Baba Leonia alisifu viuno."
Nikakaa sakafuni, mimi na ukubwa wangu.
Mganga hakupaza sauti. "Unachomeza, mama, mwanao anakinyonya." Kisha kwangu: "Wewe unayeandika dalili zako, za mtoto hukuziona?"
Niliziona. Nimefungua daftari hili. Alhamisi ipo. Jumamosi ipo. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikusoma.
Ziwa marufuku kwa siku kadhaa. Jirani yetu Msukuma kaleta maziwa ya ng'ombe, kakataa shukrani. Tunachemsha, tunampa kwa kijiko.

Jumanne, 13 Februari.
Vijiko tisa. Bado anatetemeka. Vidonge nimevitupa chooni. Nimemwomba mama Leonia radhi. Kaendelea kuchemsha maziwa.

Alhamisi, 15 Februari.
Mizani sijaikaribia. Mikono ya Leonia imetulia. Mama yake kanipa mtoto, akasema, "Shika, mnene wangu," akaenda kuteka maji.
Saa nane mchana. Leonia kalala juu ya tumbo langu. Naandika polepole, lisitikisike.