Magamba Tisa ya Juni

Shikamoo Mwalimu,

Wiki tatu nimeshindwa kukuandikia kwa aibu. Siku tuliyokuzika pale Kisesa, wasifu wako uliposomwa, walisema wewe ndiye uliyegundua kwamba mdudu wa mawe wa mtoni kwetu hutoka majini mara mbili kwa mwaka: mvua za vuli zinapoanza, na tena Juni. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mwalimu, Juni ile sikwenda.

Nilikuwa nimepunguzwa kiwandani, Jumamosi zangu zote nashinda sokoni Mirongo nauza mitumba. Goti lako lilishakataa kuteremka mtoni, ukanituma nigeuze mawe na kuhesabu magamba anayoyavua mdudu huyo. Niliona haya kukwambia sikupata nafasi. Nikafungua shajara yangu ukurasa wa Novemba, nikanakili: "Mawe kumi na mawili, magamba tisa." Nilichobadili ni tarehe tu.

Ulivyofurahi! Mdudu yule ulimwita Mpangaji, kwa kuwa hukaa chini ya jiwe miezi na miezi, kisha hupanda juu, huvua gamba, huruka na kuishi siku chache tu. "Mpangaji kahama, koti kaliacha mlangoni," ulipenda kusema. Siku ile ukaongeza, "Kumbe anahama mara mbili, mjanja huyu!" Ukaichora upya kalenda yako ya ukutani, ukaandika magamba tisa penye Juni.

Juni iliyofuata ulishuka mwenyewe na fimbo, umenishika bega. Hatukuona gamba hata moja. Ukakaa juu ya jiwe, unapangusa jasho. "Basi tumechelewa, bwana. Kosa ni la goti langu." Nami nikanyamaza. Mwalimu, nilinyamaza.

Jana, Jumamosi ya pili ya Juni, niligeuza mawe yote, kuanzia kwenye maporomoko hadi kwenye matete, maji yanapotulia, mahali ulipokuwa ukisema Mpangaji hapapendi. Kule juu, Wapangaji wachanga wapo chini ya mawe, wanakimbia kujificha. Gamba, hakuna.

Nikapanda nyumbani kwako, nikamweleza binti yako Kabula yote. Hakunikaripia. Aliishusha kalenda, akanipa kalamu yako nyekundu ya kusahihishia. Nikayapiga mstari yale magamba tisa, nikaandika: "Sikwenda."

Pumzika, Mwalimu. Nitashuka kila Jumamosi, na nisiposhuka nitaandika hivyo hivyo. Kosa halikuwa la goti lako.

Mwanafunzi wako,
Masanja